Chuo Kikuu na Kampuni ya Madini Mjini Lubumbashi: Historia ya Maswali na Wenye Kuyauliza

Utangulizi

Ushirikiano baina ya vyuo vikuu na viwanda huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni jambo jipya, tena jema lisilohitaji kuhojiwa. Kiwanda kina fedha na matatizo, chuo kina elimu na vijana. Basi na vishikane mikono. Historia ya Lubumbashi inaonyesha kwamba jambo hili si jipya, na kwamba wema wake hutegemea masharti yake. Katika mji huo wa Katanga kampuni ilitangulia, mji ukafuata, na chuo kikuu kikaja mwisho. Chuo kilianza kufundisha kampuni ikiwa imetimiza miaka hamsini. Kwa hiyo kilikuta maswali mengi yamekwisha kuulizwa, na majibu yake yamehifadhiwa na wale walioyagharimia.

Makala haya yanaifuata historia hiyo kwa kuuliza mambo matatu. Nani aliyeuliza swali la utafiti? Nani aliyemiliki jibu? Na jibu hilo liliwarudia watu waliochunguzwa kwa lugha gani? Hoja yetu ni kwamba utafiti uliowafaa zaidi wakazi wa Lubumbashi ni ule ambao chuo kilithubutu kuuliza swali lake chenyewe kuhusu mgodi, badala ya kujibu tu maswali ya mgodi. Tutaonyesha pia kwamba Kiswahili, ambacho ndicho kiini cha kazi yetu katika jarida hili, kimo ndani ya suala hili tangu mwanzo.

Kampuni yatangulia

Shaba ya Katanga haikuvumbuliwa na Wazungu. Karne nyingi kabla ya kufika kwao, mafundi wa nchi hiyo waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuri za udongo, wakaimimina shaba katika umbo la misalaba midogo iliyotumiwa katika biashara na malipo mengine. Makaburi ya kale ya Sanga, katika bonde la Upemba, yametoa misalaba ya namna hiyo kwa wingi. Katika karne ya 19 Msiri, mtawala wa Wayeke aliyeuawa mwaka 1891, alifanya biashara na pande zote mbili za bara: Benguela upande wa magharibi na pwani ya Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Misafara ya mashariki ndiyo iliyoleta Kiswahili huko kabla ya kampuni yoyote.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mwaka uleule ulipoanzishwa mji wa Elisabethville, na mwaka 1911 tanuri ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Wahandisi walitoka Ulaya, na elimu ya juu ya madini yao ilibaki Ulaya. Shaba na kobalti zilipelekwa kusafishwa Hoboken na Olen, nchini Ubelgiji. Madini ya urani ya Shinkolobwe yalipelekwa vilevile Olen, ambako radi ilianza kutengenezwa mwaka 1922. Na madini ya mgodi huohuo ndiyo yaliyotumika kwa sehemu kubwa katika mradi wa bomu la atomiki la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa kifupi, shimo lilikuwa Katanga na maabara ilikuwa Ubelgiji. Ushirikiano wa sayansi na kiwanda ulikuwapo tangu mapema, bali mwenye ardhi na mwenye jembe hawakuwamo katika mazungumzo.

Mfanyakazi kama somo la utafiti

Kulikuwa na aina moja ya utafiti ambayo haikuweza kufanyiwa Ubelgiji, nao ni utafiti juu ya wafanyakazi wenyewe. Katika miaka ya mwanzo kampuni ilitegemea vibarua wa muda mfupi, na wengi wao walikufa kwa maradhi au walitoroka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake, ikaamua kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo. Familia zilipewa nyumba, posho, zahanati na shule. Waja wazito walichunguzwa, watoto walipimwa uzito, vizazi na vifo viliandikwa. Mkuu wa kambi, ambaye wafanyakazi walimwita changachanga, alijua nani amelala wapi na nani amekosa kazini.

Haitakuwa haki kusema kwamba kazi hiyo haikuwa na faida. Vifo vilipungua sana, na watoto wengi waliishi ambao wasingeishi. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa la kampuni: namna gani ya kupata nguvukazi imara kwa gharama ndogo? Jibu nalo lilikuwa la kampuni. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara, na askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Makumi ya watu waliuawa, akiwamo Léonard Mpoyi aliyewasemea wenzake. Kampuni iliyokuwa ikipima uzito wa watoto haikuwa na mizani ya kupimia manung'uniko ya baba zao, kwa sababu hilo halikuwa miongoni mwa maswali yake.

Baada ya vita, mwaka 1946, kilianzishwa mjini Elisabethville kituo cha kuchunguza matatizo ya jamii za wenyeji, kilichojulikana kwa kifupi kama CEPSI. Kilikuwa na jarida lake, na ndani yake watawala, wamisionari na watu wa makampuni walibadilishana maarifa. Ferdinand Grévisse, aliyekuwa mtawala, aliandika huko uchunguzi mrefu juu ya mitaa ya Waafrika mjini humo, uliotoka mwaka 1951. Mwanahistoria wa leo hawezi kuikosa kazi hiyo. Hata hivyo, Mwafrika anaonekana humo kama mtu wa kuelezwa. Si mtu wa kuuliza.

Kiswahili kilikuwa na sehemu yake katika mpango huo. Wafanyakazi walitoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na sehemu nyingi za Katanga, na kampuni ilihitaji lugha moja. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha kwamba kuenea kwa Kiswahili Katanga hakukutokana na misafara ya kale peke yake, bali pia na uamuzi wa utawala, misheni na kampuni. Vitabu vya mazungumzo vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu vilijaa amri. Wafanyakazi walikipokea Kiswahili hicho, wakakigeuza kiwe chao: lugha ya ndoa, ya wimbo, ya maombi na ya maziko. Hivyo lugha iliyotiwa nguvu ili kuwaamrisha watu ikawa lugha ambayo baadaye wangetumia kusimulia maisha yao.

Chuo kikuu chazaliwa

Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kiliamriwa mwaka 1955 na kufungua milango yake Elisabethville mwaka 1956. Kilipozaliwa miaka minne tu ilikuwa imebaki kabla ya uhuru, na nchi nzima ilikuwa na wahitimu Waafrika wachache mno. Hapa kuna jambo la kutafakari. Kwa nusu karne kampuni iliendesha mojawapo ya migodi mikubwa ya shaba duniani bila kuona haja ya kuwa na chuo kikuu karibu nayo. Mafundi Waafrika iliwazoeza, tena vizuri. Wahandisi Waafrika haikuwahitaji.

Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwamo Edgar Polomé, mwanaisimu aliyekichunguza Kiswahili cha mji huo na baadaye, mwaka 1968, akachapisha maelezo yake. Kwa mara ya kwanza Kiswahili cha Lubumbashi kilitazamwa kama lugha yenye kanuni zake, wala si kama Kiswahili kilichoharibika. Kazi hiyo ilikuwa ndogo ukiilinganisha na tani za shaba, lakini lilikuwa swali ambalo mgodi haukuliuliza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misukosuko. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na kodi za Union Minière zikawa mhimili wa dola yake hadi mwanzoni mwa 1963. Chuo nacho kilibadili jina kufuatana na nyakati. Serikali ya Mobutu ilitaifisha mali ya kampuni mwaka 1967, na shirika jipya likaja kujulikana kama Gécamines. Lakini kutaifisha shimo si kutaifisha elimu. Usimamizi wa kiufundi na uuzaji wa madini ulikabidhiwa kwa mkataba kampuni ya Kibelgiji, Société Générale des Minerais. Ilidhihirika kwamba nchi isiyo na wataalamu wake inaweza kumiliki mgodi katika karatasi na kubaki mpangaji ndani yake. Huo ndio uhitaji ulioupa umuhimu mkubwa ufundishaji wa jiolojia na uhandisi wa madini Lubumbashi, na wahitimu wake wakaingia hatua kwa hatua katika nafasi zilizokuwa za wageni. Faida hii ya ushirikiano wa chuo na mgodi isidharauliwe na yeyote.

Mwaka 1971 vyuo vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na kitivo cha fasihi kikahamishiwa Lubumbashi. Mwaka huohuo kilianzishwa kituo cha isimu, CELTA. V. Y. Mudimbe, Bogumil Jewsiewicki na Johannes Fabian walifundisha huko katika miaka hiyo. Kwa hiyo mji wa mgodi ukawa pia mji wa wanaisimu na wanahistoria, na maswali ya aina nyingine yakaanza kusikika.

Mfano ulio bora wa maswali hayo haukutoka chuoni. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mjini na kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, historia ya Elisabethville kama ilivyoonekana na waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu. Andiko hilo lilipigwa chapa ya mashine likasambazwa kwa uchache, na lingeweza kupotea. Mwaka 1990 Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango na kwa maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, alilichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Hapa mpangilio wa CEPSI umepinduliwa: aliyekuwa somo la utafiti ndiye mwandishi, na msomi ndiye mfafanuzi wake.

Mgodi waanguka

Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha tani zipatazo 470,000 za shaba. Mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi: mapato kunyonywa na wakuu wa serikali, mitambo kukosa vipuri, kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990, uporaji wa 1991, na kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai katika miaka ya 1992 na 1993, ambao wengi wao walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi. Chuo nacho kilipata pigo lake. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa ndani ya mabweni yao, na idadi ya waliouawa imekuwa ikibishaniwa tangu wakati huo. Mishahara ya walimu ikawa si kitu, na wazazi wakalazimika kuchanga ili masomo yaendelee.

Ajabu ni kwamba katika ufukara huo ndipo chuo kilipofanya baadhi ya kazi zake bora juu ya mgodi. Mwaka 2000, kwa msaada wa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, kilianzishwa kituo cha kuchunguza mabadiliko ya mji, kiitwacho kwa kifupi OCU. Watafiti waliingia majumbani kuuliza watu wanakula nini, wanapataje fedha, nani sasa ni mkuu wa kaya. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi ulikusanya masimulizi na vitu vya nyumbani na kuvionyesha katika makumbusho ya mji. Mwaka 2001 mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alitoa vitabu viwili juu ya maisha ya wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines. Kimojawapo chawaita Wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo linashika kiini cha jambo: kampuni iliyotoa posho, shule na hospitali ilijifanya baba, na watoto waliamini. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Neno hiari lilitumika katika hati. Wengi wa waliohusika walikuwa na madai ya mishahara ya miezi mingi.

Tafiti hizi zilitegemea mahojiano, na mahojiano yalitegemea sana Kiswahili cha Lubumbashi. Mjane wa mfanyakazi hasimulii maisha yake kwa Kifaransa cha ofisini. Msamiati wa kampuni, kama vile posho, kapita na changachanga, umebaki katika kumbukumbu hata kampuni ilipokwisha kuacha kutoa posho. Lakini ripoti na vitabu viliandikwa kwa Kifaransa. Ushuhuda ulitolewa kwa lugha moja, na elimu iliyotokana nao ikahifadhiwa kwa lugha nyingine.

Udongo na miili

Mfano wa pili watoka katika sayansi ya mimea na tiba. Mwaka 1958 mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud alieleza mimea inayoota katika ardhi yenye madini ya Katanga. Mmojawapo, Haumaniastrum katangense, umepewa jina la ua la shaba kwa kuwa huvumilia udongo wenye shaba unaoua mimea mingine. Elimu hiyo iliwafaa kwanza watafuta madini, maana ua liliwaonyesha mahali pa kuchimba. Baadaye watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji, akiwamo François Malaisse aliyefundisha Lubumbashi kwa miaka mingi, waliigeuza elimu ileile upande wa pili. Kwa miongo kadhaa upepo ulikuwa umesukuma moshi wa tanuri upande mmoja wa mji, na mahali kama Penga-Penga ardhi ilibaki tupu. Swali likawa: ni mimea gani inayoweza kuotesha tena ardhi iliyouawa na kiwanda? Nyasi iitwayo Microchloa altera ni miongoni mwa zilizojaribiwa. Elimu ni ileile, aliyeuliza amebadilika.

Katika afya, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kiasi kikubwa cha metali mbalimbali mwilini, na kiwango cha kobalti kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyokwisha kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Mwaka 2018 walichapisha uchunguzi wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Watoto ndio walioathirika zaidi. Mwaka 2020 uchunguzi uliofanyika Lubumbashi ulionyesha uhusiano kati ya baba kufanya kazi zinazohusu madini na watoto kuzaliwa na kasoro za mwili.

Daktari wa kambi wa miaka ya 1930 naye alipima miili. Tofauti yao haimo katika vipimo. Imo katika mahali jibu lilipokwenda. Vipimo vya kambi viliingia katika mafaili ya kampuni. Vipimo vya 2009 vilichapishwa mahali ambapo kampuni, serikali na mahakama wanaweza kuvisoma, wapende wasipende.

Kuna pingamizi la haki. Chuo kisichotegemea fedha za kampuni kimetegemea fedha za wafadhili wa ng'ambo, na mfadhili wa mbali naye ana maswali yake. Hilo ni kweli, na uhuru uliopatikana haukuwa kamili. Hata hivyo, kuwa na wafadhili wengi huruhusu kuchagua, na mwenye kuchagua anaweza kukataa.

Hitimisho

Mwaka 2022 kilizinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kituo cha utafiti wa betri, kikiungwa mkono na Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika na kikizihusisha Kongo na Zambia. Nia yake ni kwamba kobalti isitoke ikiwa ghafi, na kwamba maabara safari hii iwe karibu na shimo. Kwa mtazamo wa historia tuliyoieleza, hilo ni jambo la kupokewa kwa furaha, kwa kuwa linagusa mgawanyo wa kazi uliowekwa tangu 1906. Lakini ukaribu wa maabara hautoshi. CEPSI nacho kilikuwa karibu.

Historia inatupa masharti matatu. La kwanza, mikataba ya utafiti iache nafasi kwa maswali ambayo mwekezaji hakuyaleta. La pili, haki ya kuchapisha matokeo iandikwe kabla ya fedha kupokewa, si baada ya matokeo kuwa mabaya. La tatu, matokeo yarudi kwa waliotoa mkojo, udongo na masimulizi yao, kwa lugha waliyoitumia kuyatoa.

Sharti la tatu latuhusu sisi moja kwa moja. Idara za Kiswahili zimezoea kuona istilahi za kemia na tiba kuwa kazi ya kamati za kamusi. Lubumbashi yatuonyesha kazi iliyo karibu zaidi: kukaa pamoja na wataalamu wa sumu na wahandisi, kuandika karatasi ya ridhaa ambayo mama wa Penga-Penga ataielewa kabla ya kuitia kidole, na kumweleza maana ya kipimo cha mwanawe bila kumficha wala kumtisha. Kiswahili kilitumika kuwaita watu kazini. Hakuna sababu kisitumike kuwapa jibu.